Stashahada au kidato cha tano? Jibu kwa msichana anayetaka vifaa tiba

SWALI: Shikamoo. Nimemaliza kidato cha nne, nipo Kondoa. Fizikia nimepata B; Hisabati, Kemia, Biolojia na Kiingereza nina C. Nyumbani wanataka niende kidato cha tano, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), nije kuwa daktari. Mimi napenda kufungua vitu. Pasi na redio za majirani nazitengeneza mwenyewe. Nimesikia kuna kozi ya uhandisi wa vifaa tiba. Niingie chuo sasa hivi kwa stashahada, au nipite kwanza kidato cha tano na cha sita? Ajira zipo? Mwalimu mmoja ameniambia ni kozi ya waliokosa udaktari, na kwamba si kazi ya msichana.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwa matokeo hayo, na kwa mkono ambao tayari umeshazoea bisibisi, ingia stashahada. Ukiamua kwenda kidato cha tano, nenda PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), si PCB. Hilo la pili wazazi wengi hawalijui, na limewafungia watoto wengi mlango. Anayesoma PCB hupata hisabati ndogo tu ya kumsaidia masomo yake, wakati shahada nyingi za uhandisi zinadai Hisabati ya juu. Jina la kozi lina neno "tiba", kwa hiyo watu wanadhani biolojia ndiyo msingi wake. Msingi wake ni umeme. Biolojia utaifundishwa chuoni kiasi cha kukutosha: moyo unavyotoa ishara, mapafu yanavyobadilishana hewa, damu inavyobeba oksijeni. Lakini asiyeelewa saketi hawezi kufundishwa kazi hii akaielewa.

Kabla ya habari za vyuo, nataka uione kazi yenyewe, maana wengi huichagua kwa jina lake. Tuchukue mashine moja ambayo utaikuta karibu kila hospitali ya wilaya: konsentreta ya oksijeni, lile boksi la magurudumu linalonguruma pembeni ya kitanda. Inavuta hewa ya chumbani, ambayo ina oksijeni kama asilimia 21 na naitrojeni asilimia 78. Kompresa inaisukuma hewa hiyo ndani ya mtungi uliojaa chembechembe za zeolaiti. Zeolaiti ikiwa chini ya mgandamizo hunasa naitrojeni na kuiachia oksijeni ipite. Baada ya sekunde chache valvu inageuza njia: mtungi wa pili unaanza kufanya kazi, na wa kwanza unapumua nje naitrojeni yake. Ule mlio wa "pshii" unaousikia kila mara ndio huo. Kinachomfikia mgonjwa ni oksijeni ya asilimia 93 hivi, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni gesi ya agoni.

Sasa muuguzi anapiga simu: mashine inawaka, inanguruma, lakini oksijeni ya mtoto haipandi. Mtu asiye fundi atasema imekufa, iletwe nyingine. Fundi anakwenda na kipimo cha oksijeni, anaichomoa chupa ya maji na mpira wa mgonjwa, anapima pale pale gesi inapotokea kwenye mashine. Mashine iwe imeshawaka dakika kumi au zaidi, maana ikiwa ndiyo kwanza imewashwa itakupa namba ya uongo. Ukisoma 93, mashine haina kosa. Tatizo lipo kwenye njia ya kwenda kwa mgonjwa: kifuniko cha chupa ya maji kimepasuka au kimefungwa upande, mpira umekunjwa na mguu wa kitanda, au umeungwa mpaka ukawa mrefu kupita kiasi. Irudishe chupa, angalia kama maji yanatoa mapovu. Chovya ncha za mpira wa puani kwenye kikombe cha maji safi. Pasipo mapovu, gesi inavuja kabla ya kufika. Tatizo hili hulimalizi kwa spea ya nje. Unalimaliza kwa kifuniko kipya.

Ukisoma chini ya 82, mashine yenyewe inatakiwa ilie kengele. Isipolia, una matatizo mawili badala ya moja. Punguza mtiririko kutoka lita 5 kwa dakika hadi 2, upime tena. Ikipanda vizuri kwenye 2 na kuanguka kwenye 5, ujue kuna kitu kimechoka au kimezibwa. Anza na chujio la hewa: vumbi la Dodoma na Singida linaweza kuligeuza blanketi ndani ya wiki mbili. Angalia mashine imesimamishwa wapi. Ikigandana na ukuta inavuta hewa yake yenyewe ya moto, ndiyo maana tunataka nafasi ya sentimita 30 hivi kila upande. Uliza kama wodi imegawanya mtiririko kwa watoto wawili au watatu na kuufungulia kupita uwezo wa mashine, kwa sababu hapo asilimia lazima ishuke. Kisha paka maji ya sabuni kwenye maungio, utafute uvujaji. Sikiliza valvu: zile "pshii" mbili zikikosa kulingana, upande mmoja haufungi. Hayo yote yakiwa sawa ndipo uishuku zeolaiti. Na zeolaiti kinachoiua zaidi ni unyevu. Mashine iliyofungiwa stoo miezi sita Tanga au Mtwara bila kuwashwa huweza kuharibika bila kumhudumia mgonjwa hata mmoja. Kwa hiyo mashine ya akiba inapangiwa ratiba ya kuwashwa, na ratiba hiyo anaiandika fundi.

Umeona? Hatua nyingi hapo ni kuuliza, kupima na kusikiliza. Kufungua boksi kunakuja mwishoni. Kama habari hii imekufanya utake kujua valvu inageuzwa na nini, umepata jibu kubwa kuliko langu. Kama imekuchosha, usione aibu, ila fikiria tena.

Otoklevu, ile mashine ya kutakasa vyombo kwa mvuke, nayo itakula muda wako mwingi. Mvuke wa nyuzi 121 za Selsiasi unakwenda na mgandamizo wa paundi 15 hivi kwa inchi ya mraba. Geji ikionyesha 15 lakini joto limegota 110, kuna hewa ya kawaida imenaswa ndani: valvu ya kutolea hewa imeziba, au mtumiaji aliifunga mapema. Vyombo vitatoka vimelowa na vya moto, vikionekana safi, lakini havijatakaswa. Kosa hilo linamfikia mama wa upasuaji siku nne baadaye kama usaha, na hakuna atakayekumbuka geji. Penye maji magumu ya kisima, chokaa hujijenga juu ya kipasha joto mpaka kiungue. Fundi anayebadilisha kipasha joto bila kushughulikia maji atakibadilisha tena baada ya miezi michache.

Halafu kuna mashine za msaada. Kwetu umeme ni volti 230, hezi 50. Mashine iliyotengenezwa kwa Marekani inataka volti 120, hezi 60. Watu hununua transfoma wakaona wamemaliza. Transfoma inapunguza volti, hezi haizigusi. Vifaa vingi vya kisasa havijali, lakini mota inayotegemea hezi itazunguka polepole na kupata moto. Vilevile mashine isiyo na kitabu cha matengenezo, wala spea, wala mtu aliyefundishwa kuitumia, ni mzigo wa kuchukua nafasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu nchi zenye kipato kidogo ulikuta karibu asilimia 40 ya vifaa vya hospitali havifanyi kazi. Mhandisi mwenye msimamo anatakiwa awe kwenye kikao cha manunuzi na cha kupokea misaada, mashine ikiwa haijapanda meli.

Kuhusu maneno ya mwalimu wako. Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1979 ilikwenda kwa watu wawili waliotuletea CT skani, na hakuna kati yao aliyekuwa daktari. Allan Cormack alikuwa mwanafizikia wa Afrika Kusini, na wazo lake lilianzia alipokuwa akisimamia kazi za mionzi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Godfrey Hounsfield, Mwingereza, alikuwa mhandisi wa umeme, na elimu yake ya uhandisi ilikuwa ya stashahada. Kwa hiyo si kozi ya waliokosa. Ni taaluma nyingine inayosimama kitanda kile kile. Kuhusu usichana, kitu kizito hospitalini hata mwanaume habebi peke yake. Kuna toroli na kuna wenzako. Tena kwenye wodi ya wazazi na chumba cha kupigia picha matiti, fundi mwanamke huingia kwa urahisi ambao fundi mwanaume hana.

Tuje kwenye njia. Stashahada ni miaka mitatu, ngazi ya 4 hadi ya 6 za NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ina stashahada ya uhandisi wa vifaa tiba. Chuo cha Ufundi Arusha kina inayounganisha umeme na vifaa tiba. Mimi naipenda hiyo ya kuunganisha kwa mtu mwenye wasiwasi na ajira, kwa sababu ujuzi wa umeme unauzika hata nje ya hospitali. Shahada inachukua miaka minne, na Muhimbili, yaani MUHAS, wanayo. Vyuo vingine vipo na vinaongezeka. Sifa za kuingia hubadilika, kwa hiyo usome mwongozo wa NACTVET wa mwaka huo huo, na wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwa shahada. Usimsikilize dalali wa udahili anayekupigia simu.

Kwa nini basi nasema stashahada, wakati nawe unaweza kufika kidato cha sita? Kwa sababu inakuweka mbele ya mashine ukiwa na miaka 17 au 18, na shahada haikukimbii. Ukimaliza ngazi ya 6 na GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0 unaweza kuomba shahada kwa sifa linganishi, ingawa vyuo vingine hudai zaidi, na ushindani utakulazimisha ulenge 3.5 na kuendelea. Anayetokea stashahada akiingia shahada anajua tayari kwa nini anasoma milinganyo ile. Hatari ya njia hii ni moja, nayo ni hisabati. C yako inatosha kuingia, haitoshi kustarehe. Mwaka wa kwanza utakutana na namba changamani na kalkulasi, na wanafunzi wengi wanaokwama hukwama hapo, wala si kwenye karakana. Miezi hii kabla ya chuo fanya logarithimu, trigonometria, kubadili kiini cha fomula na grafu, saa moja kila siku, mpaka mkono uzoee.

Kuchagua chuo, usiishie kwenye majengo. Tafuta mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu umuulize mambo haya. Karakana ina mashine ngapi za hospitali zinazofanya kazi, na wanafunzi wangapi wanagawana moja? Je, kuna vyombo vya kupimia mashine zenyewe: kipima usalama wa umeme, kipima mashine ya kushtua moyo, kifaa cha kuigiza mapigo ya moyo? Mafunzo kwa vitendo ni wiki ngapi kwa mwaka, na chuo ndicho kinachokutafutia hospitali au unajitafutia? Kozi ina ithibati ya NACTVET mwaka huu? Chuo kikikuonyesha kabati la mashine zilizokufa ambazo hakuna aliyewahi kuzifufua, waulize kwa nini. Jibu lao litakuambia walimu wana mikono au wana slaidi.

Hicho kipima usalama wa umeme nimekitaja makusudi. Mtu wa kawaida akiguswa na mkondo mdogo anasikia mtekenyo tu. Mgonjwa mwenye waya unaofika moyoni anaweza kuuawa na mkondo usiosikika kabisa kwenye ngozi. Viwango vya kimataifa vinaruhusu mashine inayogusa moyo ivujishe kwa mgonjwa mikroampea 10 tu ikiwa haina hitilafu. Multimita ya dukani haiwezi kupima hapo kwa kuaminika. Kwa hiyo mashine iliyotengenezwa ikawaka haijapona mpaka uvujaji wake wa umeme upimwe na namba iandikwe kwenye kadi yake. Fundi wa redio huishia pale sauti inaporudi. Tabia hiyo utalazimika kuiacha mapema.

Na maadamu ni wewe unayefungua vitu: usiifungue maikrowevu, wala televisheni ya zamani yenye mgongo mrefu. Kapasita ya maikrowevu huweza kubaki na maelfu ya volti baada ya kuchomolewa. Eksirei hufika kilovolti 150, na mashine ya kushtua moyo huhifadhi mamia ya jouli zilizopangwa kabisa kupita kifuani mwa mtu. Utafundishwa kuzitoa chaji kwa utaratibu wake. Mpaka siku hiyo, mikono mbali. Jambo jingine ambalo vipeperushi havisemi: mashine za hospitali hubeba damu na makohozi. Chupa ya mashine ya kufyonza huifungui bila glovu na bila kuiua vijidudu kwanza, na chanjo ya homa ya ini B unaichoma kabla ya mafunzo kwa vitendo.

Ajira. Zipo, ila hazigawiwi mlangoni. Serikali huajiri mafundi sanifu na wahandisi wa vifaa tiba kwa awamu, kupitia Sekretarieti ya Ajira na TAMISEMI. Nafasi huwa chache kuliko za wauguzi, kwa sababu hospitali moja ya wilaya huhitaji mafundi wawili watatu. Kampuni zinazouza na kufunga mashine ndizo zinazochukua vijana haraka. Faida yake kubwa ni mafunzo ya mtengenezaji kuhusu mashine husika. Ubaya wake ni safari nyingi na kazi ya usiku mashine ya maabara ya mkoa ikizima. Hospitali za mashirika ya dini na za binafsi zinaajiri pia. Kuna njia za pembeni unazoweza kuziangalia baadaye: usajili na ukaguzi wa vifaa kule TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, usalama wa mionzi kwa Tume ya Nguvu za Atomiki, ununuzi na usambazaji Bohari ya Dawa. Ukiwa na shahada unajisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, kama mhandisi mhitimu, kisha unapitia mafunzo ya vitendo yanayosimamiwa, ambayo kwa kawaida ni miaka mitatu, kabla ya kuwa mhandisi mtaalamu. Fundi sanifu naye ana ngazi yake ya usajili hapo hapo. Usiipuuze.

Kitu kinachowatofautisha waombaji ni daftari. Tangu siku ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo, andika kila mashine uliyogusa: aina, modeli, lalamiko la mtumiaji kwa maneno yake, ulichopima na namba uliyopata, chanzo, ulichofanya, na namba baada ya kutengeneza. Mwajiri akiona kurasa 60 za namna hiyo, zikiwa na pale uliposhindwa pia, hatakuuliza sana GPA. Usiandike jina la mgonjwa popote.

Kabla hujajaza fomu, jipime. Nenda hospitali ya wilaya, omba kwa barua, ikibidi na barua ya shule, kukaa na fundi wa vifaa tiba wiki mbili. Usiguse kitu bila kuambiwa. Angalia simu ngapi zinaingia kwa siku, ngapi zinaisha kwa plagi, fyuzi, betri, kebo au kumfundisha mtumiaji, na ngapi zinasubiri spea. Angalia pia kama unavumilia harufu, vilio, na muuguzi aliyechoka anayekupigia kelele kwa kosa ambalo si lako. Hiyo ndiyo hali ya kazi, na ni heri uijue sasa kuliko mwaka wa tatu.

Vifaa vya kuanzia havihitaji fedha nyingi: multimita ya kidijiti yenye alama ya CAT III (daraja la usalama wa kupimia umeme), seti ya bisibisi ikiwemo ya vichwa vya nyota T10, T15 na T20, koleo ndogo, pasi ya kuchomelea risasi ya wati 40 hadi 60, na tochi ya kichwani. Redio za majirani endelea nazo, lakini kuanzia leo, kabla hujagusa kitu, andika unadhani chanzo ni nini, halafu upime. Ukishamaliza, linganisha.

Nyumbani waambie hivi: ukimaliza stashahada ukaona moyo unataka shahada, mlango upo, ukienda PCB ukakosa alama za udaktari, mlango wa uhandisi utakuwa umebaki mwembamba sana. Na suala la ada, kaa na baba mfungue mwongozo wa Bodi ya Mikopo wa mwaka huu, muangalie kama stashahada hii imo kwenye fani zinazokopeshwa, kabla hamjauza ng'ombe.